Kadi za silabi: likizo yangu ya Desemba

Desemba 8
Shule imefungwa Ijumaa, nimelala siku mbili, leo nimeanza. Mwaka huu darasa la kwanza nilikuwa na watoto 84, na 11 kati yao wanaingia la pili bila kujua kusoma. Linaniuma. Nikiandika ubaoni "ba be bi bo bu", wao ndio walioitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, kumbe wanaimba tu, macho yako dirishani. Januari nataka kila mtoto aishike silabi kwa mkono wake, aipange, aisome.

Hesabu yangu: herufi 18 za konsonanti mara irabu 5 ni kadi 90, ukiongeza irabu zenyewe ni 95. Nikikadiria idadi ileile ya watoto 84, makundi ya watoto sita sita ni 14, kwa hiyo kadi 1,330. Siwezi. Naanza na m, b, k, t, d na l. Hizo na irabu ni kadi 35 kwa kundi, na tayari zinatoa kalamu, kitabu, ubao, kiti, debe, kobe. R nimeiacha makusudi. Watoto wangu wengi wanaichanganya na l, bora kwanza l ikae.

Desemba 12
Maboksi ya kukata kadi nimepewa dukani bure. Yale manene yenye mawimbi ndani hayafai, yanajikunja. Ya sabuni za miche na ya biskuti ndiyo mazuri. Nilibandika karatasi nyeupe juu kwa gundi ya unga wa ngano, nikaanika, nikazipanga kabatini.

Desemba 14
Panya wamekula seti mbili nzima. Ni ile gundi ya unga. Sasa sibandiki kitu, naandika kwa maka peni upande wa ndani wa boksi, wino unaonekana vizuri tu.

Desemba 19
Leo nimejifunza jambo ambalo miaka yote ya ubaoni haikunionyesha. Mtoto wa jirani, anayeanza la kwanza Januari, alikuja kuleta bakuli la mama yake. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, njoo ukae hapa." Nikamwekea seti mkekani. Akachukua ma, akaiweka, akatafuta, akainua kila kadi. "Mwalimu, ma nyingine iko wapi?"

Haikuwepo. Nilikata kila silabi moja moja, na maneno ya kwanza ya mtoto karibu yote yanarudia: mama, baba, kaka, dada, bibi, kuku, lala. Ubaoni ningeandika tu, nisingegundua. Kwa hiyo nyongeza saba kwa kila kundi, kadi 98 zaidi, jumla 588.

Jambo la pili ni lake pia. Aliigeuza bu juu chini, u ikawa n, akakwama. Sasa kila kadi ina mstari mwekundu chini ya silabi, na sheria ni moja: mstari ukae upande wa tumbo lako.

Desemba 27
Sikukuu, wageni, kazi kidogo. Fundi cherehani amenipa vipande vya vitenge, nashona vifuko vya kuhifadhia, kila kundi rangi yake.

Januari 3
Vifuko 9 kati ya 14 vimejaa. Azimio la kazi, yaani mpango wa nitakachofundisha wiki kwa wiki, nimelimaliza usiku; safari hii limekwenda haraka kwa sababu najua wiki ya kwanza tunashika irabu tu, na kwamba hata irabu peke yake zinatoa neno: ua.

Yule mtoto anakuja kila jioni, siku hizi haitwi. Leo amepanga kadi mbili, akaacha nafasi mwanzoni. "Nataka samaki." Ma ipo, ki ipo. Sa haipo.

Konsonanti moja zaidi ni kadi 70. Maka peni imebaki nusu, maboksi mawili bado yako chini ya kitanda. Nimeshakata sa ya kwanza, nimempa.