Pointi zilivyonifungia pesa ya ovaloki ya mdogo wangu

Jamani watu wa Arua mlioko huku Uingereza, hii nawaandikia nyie tunaopenda kukusanya pointi na vocha, maana kila Novemba ofa zikianza grupu letu linajaa skrinshoti za nani kapata punguzo gani, lakini mzigo ukipotea inakuwaje, hilo hatuliongelei kabisa.

Mdogo wangu ana cherehani pale Oli, Arua, anashona sare za shule na vitenge vinavyoingia kutoka Ariwara upande wa Kongo, na miaka yote akimaliza kushona inabidi abebe nguo apeleke kwa fundi mwingine mwenye ovaloki, ile mashine ya kupiga kingo zisifumuke, ampigie, analipia kila nguo, na siku za kufungua shule anapanga foleni na mafundi wengine mpaka usiku. Nikamwambia nakununulia ya kwako. Umeme wa huku na plagi ni zilezile za Uganda, meno matatu bapa, kwa hiyo mashine ikifika ni kuchomeka tu.

Sasa nikarundika punguzo kama tunavyofanya wote. Mimi nalea wazee, kazini tuna programu inayouza kadi za zawadi za maduka kwa bei ya chini, unalipa pauni 95 unapata ya 100, nikazinunua kwa kadi yangu ya krediti, ile ya kukopa benki, ili nipate na pointi za benki. Halafu nikaingia kwenye duka kwa kupitia saiti ya keshibaki, zile ambazo duka linawalipa kwa kukuleta mteja na wao wanakugawia sehemu. Juu yake pointi za duka lenyewe. Mashine pauni 189, nikapiga hesabu naokoa kama 16, zaidi ya shilingi 70,000 za kwetu. Nilifurahi sana siku ile.

Siku ya tatu trakingi ikasema mzigo umefika na picha juu. Nikaifungua picha, mlango wa bluu, chini kuna sufuria ya maua. Mlango wangu ni wa kahawia, una kioo chenye ufa upande wa kushoto, na maua sina. Nikapita mtaa mzima siku mbili nikitafuta mlango wa bluu. Duka likaniambia niongee na kampuni ya usafirishaji, kampuni ikaniambia niongee na duka, nikazungushwa hivyo wiki nzima huku natoka zamu ya usiku.

Aliyenisaidia ni jirani yangu, mzee Muhindi aliyezaliwa Jinja, walifukuzwa Uganda 1972 Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke, hapa Leicester wako wengi na Kiswahili chake bado kimenyooka. Akaniambia binti, wewe hukuingia mkataba na dereva, mkataba wako ni na duka. Na ni kweli, sheria ya haki za mlaji ya 2015, kifungu cha 29, inasema mzigo ni jukumu la muuzaji mpaka ufike mkononi mwako au kwa mtu uliyemtaja wewe. Nikaandika imeili moja tu, nikataja kifungu, nikaweka picha ya mlango wao na picha ya mlango wangu, nikawapa siku 14. Siku ya nne wakakubali kurudisha pesa.

Lakini walirudisha wapi? Kwenye kadi ya zawadi. Nilikuwa nimelipa kwa hiyo basi ikarudi hukohuko, pauni 189 zimekaa ndani ya duka moja na mashine yenyewe imeshaisha, na keshibaki ikafutwa maana oda imefutwa. Mzee akaniuliza kwa nini mashine sikuilipia kwa kadi ya krediti moja kwa moja. Hapo ndo nikaelewa. Kuna sheria ya mikopo ya 1974, kifungu cha 75, kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000 ukikilipia kwa kadi ya krediti, hata kama ni sehemu tu ya bei, benki inawajibika sawa na duka, duka likikataa au hata likifilisika unawadai wao. Mimi kadi yangu ilinunua vocha, haikununua mashine, kwa hiyo ule ulinzi niliutoa mwenyewe kwa sababu ya pauni tisa na senti. Wenye kadi ya debiti kifungu hicho hawana, ila benki inaweza kuomba pesa irudishwe kwa utaratibu wa Visa au Mastercard, kawaida ndani ya siku 120, msichelewe.

Siwaambii muache pointi, mimi mwenyewe vyakula na sabuni narundika kila wiki. Ila kitu kikubwa, hasa cha kutuma nyumbani, lipa duka moja kwa moja kwa kadi ya krediti, keshibaki unaweza kubaki nayo, na soma masharti maana maduka mengine hayalipi ukitumia kadi ya zawadi au namba ya punguzo uliyookota kwingine. Na tafadhali msipeleke boksi kwa watu wa kargo kabla hamjalifungua. Ukinunua mtandaoni una siku 14 tangu mzigo ufike kusema hutaki, sasa ukigundua ubovu boksi liko Arua utalirudishaje?

Mashine ya pili nililipa pauni 205, pointi chache tu, nikaifungua palepale mezani, pedali haimo. Nikapiga picha, wakaituma baada ya siku nne, ndo nikapeleka kargo.

Imefika salama. Mdogo wangu kanitumia video anapiga kingo za sare za maruni, anasema dada hii mashine inakula nyuzi nne kwa mpigo, nitumie koni. Lile duka lenye pauni zangu 189 linauza koni za nyuzi, na boksi zima halifiki hata 40, basi hizo ndo nitazilipia kwa ile kadi ya zawadi.