Siku Mbunge Alipofungwa Kilemba

Mgomo wa walimu wa Septemba 2012 ulituachia muhula mfupi na silabasi ndefu. Haukuwa wakati wa ziara. Lakini tulipofungua, niliwauliza kidato cha pili nani alifuatilia habari za Oak Creek, Wisconsin, kule Marekani, ambako mwezi Agosti mtu aliingia na bunduki kwenye hekalu la Wasikh akaua waumini sita.

"Wale Waislamu, mwalimu?"

"Wahindi, bwana," mwenzake akamsahihisha.

Ndipo akasimama yule tuliyemwita Mbunge, kwa jinsi alivyopenda kuchangia hoja, akatangaza kuwa ni Makalasinga, na kwamba ndani ya kilemba huwa wamefuga nyoka. Darasa zima likaangua kicheko.

Shule yetu iko kando ya barabara ya Mombasa, si mbali na Makindu. Hakuna mtoto pale ambaye hakuwahi kupita mbele ya hekalu la Kalasinga. Lipo tangu 1926, enzi za mafundi wa reli, na msafiri yeyote hukaribishwa kula na hata kulala bila kutoa senti. Kulipita, sote tulilipita. Kuingia, hakuna. Nikaenda kumwomba mwalimu mkuu basi.

Mzazi mmoja alipiga simu: mwanawe aende akitaka, ila asitie mdomoni chakula cha mashetani. Mwalimu mkuu, mtu asiyependa kelele, akaniandikia agizo hilo kwenye karatasi kama dozi ya daktari.

Siku moja kabla ya safari niliwasomesha habari za Wasikh wa Kenya. Nilianza na Makhan Singh, aliyesimama katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, Aprili 1950 akadai uhuru wa Afrika Mashariki, wakoloni wakamweka kizuizini hadi 1961, muda mrefu kuliko hata Kenyatta. Wakapiga miayo. Nikahamia kwa Joginder Singh, aliyeshinda mashindano ya magari ya Safari Rally 1965, 1974 na 1976. Hapo wakaamka. "Gari gani, mwalimu?" Volvo mara ya kwanza, nikawaambia, kisha Mitsubishi Lancer mara mbili. Basi somo likaishia kwenye magari.

Mlangoni tulivua viatu, tukanawa, tukafunika vichwa kwa vitambaa. Mzee wa ndevu nyeupe akatupokea kwa Kiswahili safi na Kikamba cha kutosha kuulizia mvua. Ukumbini akatuonyesha Guru Granth Sahib, kitabu chao cha kurasa 1,430, kikiwa juu ya kiti chake cha heshima.

"Mzee, mnaabudu kitabu?" msichana mmoja akauliza. Mimi nikatafuta pa kuangalia.

"Mungu ni mmoja, na hatuna sanamu yake. Hiki ni mwalimu wetu. Mwalimu wenu akiingia darasani, hamsimami?"

Baada ya hapo maswali yalimiminika. Kile kisu alichovaa je, kimeshachoma mtu? Akacheka mpaka ndevu zikatikisika. Kimo kwenye ala, akasema, kumkumbusha amtetee anayeonewa. Akawaeleza vitu vitano ambavyo Guru Gobind Singh, kiongozi wao wa dini wa zamani, aliwaamuru wafuasi wake kuvaa tangu 1699: nywele zisizokatwa, kitana cha mbao, bangili ya chuma, upanga mdogo, na kaptula ya ndani. Kwa hii ya mwisho walicheka kwa adabu, viganja mdomoni.

Mbunge akauliza la nyoka. Aliuliza kweli, mbele ya watu! Mzee akamwita kijana mmoja, akaleta kitambaa cha rangi ya machungwa, kirefu kama mita tano. Mbunge akapewa ncha moja aing'ate kwa meno huku kitambaa kikizungushwa, mkunjo juu ya mkunjo, kila mmoja ukinyooshwa kwa kidole. Akageuzwa tumwone. Wala hakuna aliyecheka; kilimkaa vizuri mno.

Kisha tukaketi chini kwa mstari, mimi, dereva wa basi, wanafunzi, na mchuuzi wa asali aliyekuwa anapumzika. Wakapita na ndoo za dengu, mboga na chapati. Chapati hupokewa kwa mikono miwili. Aliyepika zangu alikuwa mama Mkamba, nilimwona jikoni akizigeuza bega kwa bega na mama wa Kisikh. Yule mtoto wa karatasi alikaa na sahani tupu, akachukua chai. Akaongeza chai. Nilipomtazama akasema chai haikutajwa.

Tukirudi tulisimama kununua machungwa. Mbunge alishuka na kilemba chake kichwani. "Kalasinga, nyoka amelala?" akapigiwa kelele na vijana wa bodaboda, na mama wa machungwa akavuta kapu lake karibu. Mbunge akaduwaa. Nikadhani atakivua. Badala yake akaweka mkono kiunoni, akaanza kumhutubia yule mama: Mungu mmoja, hakuna sanamu, vitu vitano. Akahesabu kwa vidole, nywele, bangili, upanga, kaptula, akakwama.

"Kitana!" basi zima likapiga yowe kutoka madirishani.

Mama akamtazama juu hadi chini. "Na hicho chakula," akauliza, "ni bure kweli, ama lazima kwanza uokoke?"

"Bure, mama. Vua viatu tu."

"Jumapili pia?"

Hilo Mbunge hakulijua, akanigeukia mimi.