Mama alikuwa na kalenda mbili

Nimekaa na hii kitu kwa kichwa tangu tumzike mama na nimeona nisipoandika sasa itapotea. Kwa mazishi walisoma ile historia ya marehemu, mke mwaminifu, mama mwenye upendo, mcha Mungu, na yote ni kweli siwezi bisha, lakini ukiisikiza hivyo utadhani alikuwa mama mpole wa kukaa benchi ya mbele akifunga macho. Wale walinunua omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, kwake soko la Kibuye hapa Kisumu wanajua. Gorogoro yake, ule mkebe wa kupimia, ilikuwa inajaa mpaka inamwagika, ila ukijaribu kuitingisha ndio omena ishuke aongeze ingine, angekuuliza kwa sauti ya kufika hadi kwa wauza viatu, kwani hiyo ni gorogoro ama ni kayamba.

Alizaliwa upande wa Mumias akaolewa na mzee wangu, Mjaluo wa Seme, na ndio maana kwetu tulikua tukiongea Kiswahili, kwa sababu Kijaluo cha mama kilikuwa kinachekwa na wakwe na Kiluhya baba hakujisumbua nacho kabisa. Baba alimwita Nyar Mumias, yaani binti wa Mumias, maisha yote. Mzee alikuwa mtu wa injini kwenye MV Uhuru, ile meli inabeba mabehewa ya treni kutoka bandari ya Kisumu, kwa hivyo leo yuko Jinja, wiki ingine Mwanza, na sisi tuko na mama. Halafu baba hakuwa mtu wa kanisa. Alibatizwa, sawa, lakini Jumapili yake ilikuwa ya redio na usingizi. Mama hakumpigia kelele, sijui alitoa wapi hiyo roho, alikuwa anamwachia chai kwa thamosi na nduma kwa hotipoti kisha anatutoa sisi watoto kwenda misa ya kwanza kama bado kuna giza.

Misa ya kwanza ilikuwa lazima kwa sababu Jumapili ndio Kibuye inafurika. Wengine wakisema Jumapili ni ya kupumzika yeye alikuwa anatoka kanisani, anavua kitambaa cha kichwa anafunga leso kiunoni, na ndani ya nusu saa unamsikia anaita wateja. Kuna mama mmoja wa jumuiya alimwambia kuuza siku ya Bwana ni dhambi. Mama akamuuliza, na wewe leo utakula nini? Ikaishia hapo.

Sasa hii ya kalenda. Omena huvuliwa usiku wa giza, wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani zilikuwa karabai siku hizi ni za sola, samaki wanaifuata ile nuru wanavutwa na nyavu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa na taa haina kazi, kwa hivyo wavuvi wengi wanapumzika, omena inapungua na bei inapanda. Mama alikuwa anaujua mwezi kuliko mtu yeyote niliyewahi kuona, anatoka nje usiku anaangalia juu anasema kesho niende Dunga kwa wavuvi ama nisiende. Na ukutani kulikuwa na kalenda ya parokia, ile yenye rangi za kila Jumapili, kijani, zambarau, nyeupe. Yeye ndiye alinionyesha kwamba hizo mbili zinakutana Pasaka. Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa kuanzia 21 Machi, maana yake Juma Kuu halikosi mwezi mkubwa, maana yake omena ni haba, maana yake mama hana cha kukimbilia sokoni na anaweza kuwa kanisani Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu na kesha la Jumamosi bila hasara. Alikuwa anaiambia kama siri ya biashara. Mungu alinipangia, anasema, na anacheka. Na kuanzia 1 Aprili hadi mwisho wa Julai serikali inafunga uvuvi wa omena kabisa, hapo ndio alikuwa anauza ile aliyokausha akaweka kwa magunia, na kama mvua ilikuwa imeinyeshea kabla haijakauka basi imekuwa chakula cha kuku na nyumbani tunakula sukuma bila kuuliza maswali.

Alikuwa pia mtu wa Legio ya Maria, na kwa wasio wa huku kwetu, si ile Legio Maria ya Baba Ondeto, hiyo ni kanisa kivyake iliyojitenga na Wakatoliki miaka ya 60. Hii ni ile ya ndani ya Kanisa Katoliki, chama cha waumini wa kawaida kilichoanzia Dublin mwaka wa 1921. Ndani ya misale yake kulikuwa na picha ya Edel Quinn, yule dada wa Ireland aliyekuja Nairobi 1936 akiwa na historia ya kifua kikuu na akazunguka Afrika Mashariki akianzisha Legio mpaka akafariki hapo hapo Nairobi 1944, miaka 36 tu. Mama akiambiwa apumzike miguu imefura alikuwa anaitoa hiyo picha anakuonyesha. Utamjibu nini?

Kazi ya Legio ni masaa mawili kila wiki, mnaenda wawili wawili, mnatembelea wagonjwa, na mkutanoni unasimama unatoa ripoti. Mama alikuwa anaenda Russia, ndivyo tunaita ile hospitali kubwa ya Kisumu, wodi ya akina mama, na majumbani huko mtaa wa Nyalenda. Lakini Legio ina sheria, mnaenda kwa roho za watu, si kupeana vitu, msaada wa chakula na pesa umekatazwa. Mama alitii. Siku ya ziara alienda mikono mitupu, akasali, akaripoti. Kisha siku mbili baadaye anarudi kwa mgonjwa yule yule na uji wa wimbi na omena iliyokaangwa na nyanya, na mwenzake alipomuuliza kama hiyo si kuvunja sheria, akasema hii leo sijaja kama Legio, nimekuja kama jirani. Nyalenda si karibu na kwetu ata kidogo.

Sukari na presha ndio zilimmaliza, mwaka jana Agosti, sitaki kuingia huko. Wanalegio walikesha naye kwa sala usiku mzima, na baba alikaa nao mpaka asubuhi, ameshika kofia.

Sasa kuna huyu mzee wa Nyalenda, hatembei, alikuwa mmoja wa watu wa mama. Baba ameanza kumpelekea uji. Anaupika mwenyewe na una madonge. Wamama wa Legio wakamjia kumwambia basi baba si ujiunge, akawaambia hapana, yeye ni jirani tu, na Jumapili bado yuko na redio yake.

Misa ya mwaka mmoja itakuwa nyumbani Seme, Mungu akipenda. Ukija beba kiti maana wanalegio peke yao wanajaza hema, na omena itakuwepo, nimeshaangalia mwezi.