Franco unaanzia wapi?

Juzi mdogo wangu kaniuliza, kaka nataka nianze kuskiliza OK Jazz, ile bendi ya rumba ya Franco, mpiga gitaa wa Kongo, nianze na albamu gani? Nkacheka. Bendi imeanza 1956 Kinshasa, enzi hizo bado inaitwa Léopoldville, ikapiga mpaka Franco anafariki 1989, sa ukijifanya unaanza mwanzo uende nazo kwa mpangilio utakata tamaa hata miaka ya 70 hujafika. Huo ujinga nshaufanya, niliishia njiani.

Mi nikamwambia anza na wimbo mmoja tu, Mario ya 1985. Najua wazee wa rumba watanuna, eti ile ya kila baa, lakini si ndo maana yenyewe? Inaanza polepole, Madilu anaimba kwa uchungu, af Franco anaingia anaongea kama mjomba anayemsema kijana kwenye kikao, maana huyo Mario analelewa na mama mtu mzima na kazi hataki, we hata kama Lingala hujui neno, kwa sauti tu unaelewa kuna mtu anasemwa. Magitaa yakishaanza kuzunguka hapo vaa hedifoni, uskilize yanavyopishana bila kugongana.

Ikikukolea ndo utafute Francophonic, ule mkusanyiko wa juzuu mbili, urudi kwenye zile za zamani fupifupi.

Basi jamaa kaiskiliza kwenye daladala, jioni ananitumia voisi: "sasa huyo Mario alikujaga kupata kazi au?"