Saa tatu usiku, jua bado linawaka

Nimeingia ndani sasa hivi. Viatu vimejaa nyasi na vidole vinanuka samaki wa siki. Leo tarehe 6 Juni ni sikukuu ya taifa hapa Uswidi, na mwaka huu imeangukia Jumamosi, kwa hiyo wenzangu kazini wamenuna wiki nzima. Zamani walikuwa wakipumzika Jumatatu ya Pentekoste, ambayo Jumatatu ni Jumatatu, haihami. Mwaka 2005 ikafutwa, wakapewa hii badala yake. Basi kila tarehe 6 ikigongana na wikendi, mtu anajiona kaibiwa siku. Mjadala wa uzalendo niliousikia mwaka huu ni huo tu.

Mimi niliyekua na gwaride la uhuru kwetu Tanzania, tarehe 9 Desemba, mizinga ikilia na redio ya baba ikiwashwa tangu alfajiri, miaka ya mwanzo nilidhani hawa watu wananificha kitu. Sherehe iko wapi? Sababu ya kusherehekea wanayo: tarehe hii mwaka 1523, mjini Strängnäs, Gustav Vasa alichaguliwa kuwa mfalme, na muungano uliowaweka chini ya mfalme wa Denmark ukawa umekwisha. Tarehe hiyohiyo mwaka 1809 wakapata katiba mpya. Lakini kwa miaka mingi waliiita siku ya bendera tu. Jina la sikukuu ya taifa limekuja mwaka 1983. Nadhani ni kwa sababu hawana ule usiku wa manane wa kwetu, bendera moja inashuka, nyingine inapanda, watu wanalia. Moto wao wote wanauweka akiba kwa wiki mbili zijazo, sikukuu ya katikati ya kiangazi, ambapo hata mhasibu wetu huzunguka mlingoti wa maua akirukaruka kama chura.

Asubuhi nilimsindikiza dada mmoja wa Buyenzi, Bujumbura, ambaye tunakutana kila Jumamosi kwenye duka la unga na dagaa. Alipata uraia majira ya baridi, na leo manispaa ilikuwa inawakaribisha raia wapya bustanini kando ya mto. Sheria inazitaka manispaa zote kufanya hivyo walau mara moja kwa mwaka, na nyingi huichagua siku hii. Alikuja na imvutano, vazi la wanawake wa Burundi, ya rangi ya dhahabu, kichwa juu. "Kaka, leo mimi ndiye bibi harusi," akaniambia, "wewe beba mkoba."

Nikabeba mkoba.

Kando yake aliketi mama wa Kiswidi aliyevaa gauni la buluu na aproni ya njano, vazi la taifa. Wakashikana nguo kama wanawake wanavyofanya msibani na harusini, huyu akipima kitambaa cha huyu. Mama yule akacheka, akatueleza kwamba watu hudhani vazi lile ni la kale, kumbe lilibuniwa mwanzoni mwa karne iliyopita na Märta Jörgensen, na likatambulika hasa baada ya Malkia Silvia kulivaa siku kama ya leo mwaka 1983. Nikakumbuka sisi na vazi letu la taifa, kamati juu ya kamati. Labda tulikosa malkia tu.

Kisha wimbo wa taifa. Beti zile mbili wanazoimba hazina neno Uswidi hata mara moja; zinaitaja Kaskazini. Dada alikuwa amezikariri zote. Waswidi waliotuzunguka waliimba ubeti wa kwanza kwa sauti, wa pili wakawa wanatafuna midomo, sauti iliyobaki ikawa yake.

Kwenye kahawa na keki ya stroberi akanigeukia. "Na wewe, lini?"

Burundi haimkatazi mtu kuwa na uraia wa pili. Tanzania inamkataza mtu mzima. Siku nitakayosimama pale mbele, pasipoti yangu ya kwetu nitakuwa nimeiaga. Nilimwambia keki ni tamu, akaelewa, akanikatia kipande kingine.

Jioni nilikwenda kwa bibi jirani. Nchi hii kila mtu humwita mwenzake kwa jina, hata waziri mkuu ni "wewe" tu, lakini mwanamke wa miaka themanini na minne siwezi kumwita kwa jina mdomo ukatii. Humwita Bibi, kwa Kiswahili, na yeye ameridhika. Alinipa samaki wa siki, viazi vipya na majani ya shibiti. Televisheni ilikuwa inaonyesha mfalme na malkia pale Skansen, jumba la makumbusho la wazi la Stockholm. Bibi aliiachia iongee peke yake.

Saa tatu kasoro akavaa makoti mawili. Bendera haipitishi saa tatu usiku mlingotini, hata kama jua halijazama, na saa hizo jua lilikuwa bado linaniumiza macho. Neno "usiku" huku wakati wa Juni halina kazi. Yeye alilegeza kamba, mimi nikapokea kitambaa kifuani kisiguse nyasi. Tukakivuta kila mtu upande wake kama mashuka ya kuanua, tukakunja kwa urefu, tena kwa urefu, kisha akanijia hatua kwa hatua akikunja hadi vidole vyetu vikakutana. Mlingoti hauachwi uchi, kwa hiyo tukapandisha kile kijibendera chembamba kirefu kinacholala nje.

"Kwenu mnashusha saa ngapi?" akauliza.

Nikamweleza kituo cha polisi karibu na shule yetu. Saa kumi na mbili jioni filimbi inalia, na barabara nzima inasimama: mwenye baiskeli anashuka, mama wa maandazi na beseni kichwani, sisi watoto mguu mmoja hewani. Hakuna anayepumua mpaka filimbi ilie tena.

"Na asiyesimama?"

Nikamwambia sijui, sikuwahi kumwona. Akacheka hadi akashika mlingoti, akaniomba nipige filimbi hiyo aisikie. Nikaipiga kwa mdomo. Akasimama wima, bendera kwapani, akaningoja nipige ya pili.