Aya moja tu na stori imeisha

Nimenogewa na kuandika stori fupi jamani. Sio fupi ile ya kurasa kumi, hapana, nasema fupi kweli kweli, aya moja, saa nyingine sentensi mbili na imeisha. Wapo wanaoandika za maneno 100 kamili, halizidi neno wala halipungui, wapo wanaojiwekea 500 au 1,000, mimi sina kipimo maalum ila nikiona imevuka ukurasa najua humo ndani kuna kitu hakina kazi.

Utamu wa kwanza ni kumaliza. Mtu aliyekaa na riwaya miaka na hajafika katikati ndiye anayeelewa uzito wake, yaani unaanza jioni na unalala una kitu kizima chenye kichwa na miguu, hata kama kesho utakifumua chote. Lakini utamu wenyewe hasa uko kwenye kukata.

Ngoja niwaonyeshe. Nilikuwa na stori ya baba na mwanawe waliogombana, rasimu ilikuwa ukurasa na nusu hivi, ugomvi ulianzaje, nani alimjibu nani nini, mama alilia vipi, yote yamo. Nikaanza kutoa. Ugomvi wote nikautoa, maana msomaji anajua watu wa nyumba moja wanavyogombana, hana haja ya kusimuliwa. Mama nikamtoa. "Kwa huzuni kubwa" nikaifuta bila hata kufikiria mara mbili. Ikabaki hivi:

"Baba alibadilisha kitasa cha mlango. Ufunguo wa zamani akaurudisha chini ya jiwe, pale pale mwanawe alipozoea kuukuta."

Basi. Nikawapa watu wawili wasome. Mmoja akasema huyu baba katili, anataka mtoto arudi, ajaribu ufunguo, ukatae, ndio ajue kafukuzwa. Mwingine akasema wee, huyu mzee kashindwa tu kuutupa, huoni anamsubiri? Wakabishana hasa, wakamjengea yule baba sura, umri, mpaka sababu za hasira zake, vitu ambavyo mimi sikuandika hata kimoja, nami nimekaa kimya nasikiliza kwa raha ambayo sijui niieleze vipi. Ukurasa na nusu ule wa mwanzo ungewapa jibu na usingewapa cha kubishania.

Halafu kuna jina la stori, hili watu wengi hawalitumii vya kutosha. Kwenye riwaya jina linakaa kwenye jalada, huku kwenye stori ya sentensi mbili jina ni sentensi ya tatu. Ile ya kitasa ukiiita "Usiku wa Kwanza" baba ana hasira mbichi, ukiiita "Mwaka wa Tisa" anakuwa mtu mwingine kabisa, na hujagusa hata neno moja la stori yenyewe! Mimi niliiita "Mwaka wa Tisa".

Na asikwambie mtu kwamba hizi ni za kujifunzia tu, za wasioweza kuandika kirefu. Yasunari Kawabata wa Japani, aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 1968, aliandika zaidi ya 100 za namna hii na aliziita hadithi za kiganja cha mkono. Tena muda mfupi kabla hajafa mwaka 1972 alichukua riwaya yake mojawapo maarufu akaipunguza mpaka ikawa moja ya hizo hadithi ndogo. Mtu ana Nobel tayari, riwaya inasomwa dunia nzima, bado anakaa anaikata. Augusto Monterroso wa Guatemala naye mwaka 1959 alitoa moja yenye maneno saba tu kwa Kihispania, na watu wanaichambua hadi leo.

Nisichopenda ni zile ambazo zote zinategemea mstari wa mwisho, eti kumbe alikuwa anaota, kumbe alishakufa zamani. Ukishaijua siri huna sababu ya kuirudia. Stori fupi nzuri unairudia hapo hapo, kwa sababu imeisha kwenye karatasi ila kwako bado inaendelea.

Kitu ninachofanya siku hizi, nikimaliza naiziba sentensi ya mwisho kwa kidole nasoma bila yake, kwa sauti. Mara nyingi stori ilikuwa imeshaisha na mimi nikawa naendelea kueleza. Sasa hivi ninayo moja ya dada wawili wanaogawana begi la marehemu mama yao, na kila nikiziba mwisho inapumua vizuri zaidi, nimeshaondoa tatu na naona hata hii ya nne itaondoka.