Nimerudi Unguja na trekta langu kichwani

Miaka tisa nimekaa Rostov-on-Don, huko Urusi, na tangu nirudi watu wananiuliza baridi tu. Theluji ikoje, ulikuwa ukivaa nini. Hakuna aliyeniuliza habari za trekta.

Trekta ndivyo wenyeji wanavyoliita jumba lao la tamthilia, lenye jina la mwandishi Maxim Gorky. Nilipanga chumba karibu na uwanja wake, nikawa nalipita asubuhi na jioni, na mwaka wa kwanza sikuelewa wanachekea nini. Mpaka jioni moja niliposimama mbele yake sawasawa. Katikati kuna jengo jeupe, zito, limekaa kama injini. Huku na huku minara miwili ya ngazi, vioo vitupu, imeshikwa na jengo kwa vijia vya vioo juu kwa juu. Hiyo ndiyo minyororo ya trekta, ile inayotembelea badala ya magurudumu. Taa zikiwaka unawaona watu wanapanda ngazi ndani ya mnyororo.

Lilichorwa na Vladimir Shchuko na Vladimir Gelfreikh, enzi ambazo wakulima wa Urusi walikuwa wakiingizwa kwenye mashamba ya pamoja na trekta limekuwa kama bendera. Rostov yenyewe ina kiwanda kikubwa cha zana za kilimo, Rostselmash. Likafunguliwa 1935, likakaa pale ambapo Rostov ilikuwa ikipakana na Nakhichevan, mji wa Waarmenia, kabla haijaunganishwa nayo 1928. Viti 2,200, kwa mji wa mkoani! Mwaka uliofuata mwongozaji wa tamthilia Yuri Zavadsky akashuka kutoka Moscow na waigizaji wake, Vera Maretskaya akiwamo, wakakaa mpaka 1940.

Kisha vita. Wajerumani walipokuwa wakiukimbia mji mapema 1943, waliliripua. Likawa gofu, likaja kufunguliwa tena 1963. Nje lile lile, minyororo yake na vioo vyake. Ndani ukumbi umepunguzwa, viti kama 1,200 hivi. Mimi nimekaa humo mara nyingi na sijahisi pengo lolote, ila mimi sikuuona ule wa kwanza.

Wiki ya kwanza hapa nilikwenda Forodhani kuitazama Beit el Ajaib, lile jumba la kale la sultani. Nilikuwa ughaibuni ilipoanguka ule upande wake, tarehe 25 Desemba 2020. Nililia na simu mkononi. Kuiona kwa macho ni kungine. Nikaenda Jaws Corner kunywa kahawa, na mzee mmoja barazani akasema, hata ikirudi haitokuwa ile.

Nikamwambia, mzee wangu, ngoja nikupe habari za trekta. Akasikiliza mpaka mwisho, kikombe hakijafika mdomoni.

"Viti vingapi ulisema?"

"2,200."

"Na sasa?"

"Kama 1,200."

"Ah," akasema, "basi wenzetu wamerejeshewa nusu." Akamwita muuza kahawa, akanilipia na mimi.